Kujiandaa kwa kipimo cha EEG jijini Nairobi, kuanzia kwa msusi hadi kwenye majibu

Mtu wa kwanza kuarifiwa kwamba umepangiwa kipimo cha EEG, yaani cha umeme wa ubongo, baada ya watu wa nyumbani kwako, anapaswa kuwa msusi wako. Nasema hivi bila mzaha wowote. Mdogo wangu alipoandikiwa kipimo hiki, baada ya kuanguka mara mbili na kupoteza fahamu, alifika hospitalini akiwa na misuko myembamba ya nywele za bandia, ambayo siku mbili kabla alikuwa ameikalia Kenyatta Market kwa muda wa saa sita. Mhudumu aliyempokea alikitazama kichwa chake, akaguna, akamwambia arudi baada ya kufumua. Nafasi iliyofuata ilikuwa ya wiki tatu mbele. Karatasi tuliyokuwa tumepewa ilionyesha tarehe, saa na bei, wala haikuwa na neno hata moja kuhusu nywele, chakula, dawa au usingizi, mambo manne ambayo yanaweza kukiharibu kipimo kabla mashine haijawashwa. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza hapa, pamoja na yanayotokea ndani ya chumba na namna ya kuyapokea majibu.

Kinachopimwa hasa

EEG ni kifupi cha elektroensefalografia, yaani uandikaji wa umeme wa ubongo. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme hafifu mno, na sehemu ndogo ya umeme huo hupenya fuvu na kufika kwenye ngozi ya kichwa, ambako visahani vidogo vya madini viitwavyo elektrodi huunasa, mashine ikaukuza na kuuchora kama mistari ya mawimbi. Mwanadamu wa kwanza kuandikwa mawimbi yake kwa namna hii alipimwa mwaka 1924 na Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena nchini Ujerumani, ambaye alichapisha matokeo yake mwaka 1929.

Ni vyema kuufahamu udogo wa umeme huo, kwa sababu takriban kila sharti utakalopewa linatokana nao. Betri ndogo ya tochi ina volti 1.5, ilhali umeme unaonaswa kichwani kwa kawaida huwa kati ya mikrovolti 10 na 100, na mikrovolti moja ni sehemu moja ya milioni ya volti. Kitu dhaifu kiasi hicho hufunikwa na mafuta ya nywele, jasho, kukaza taya, kupepesa macho, hata umeme wa ukutani, ambao hapa Kenya huzunguka mara 50 kwa sekunde na kuacha alama yake kwenye mchoro kila unapopata mwanya.

Mashine hupokea tu. Haipeleki umeme wowote kichwani, haichomi, na haina mionzi. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewasikia watu wazima, wasomi kabisa, wakinong'onezana kwenye benchi la kusubiri kwamba mgonjwa anaingizwa ndani "kupigwa shoti". Matibabu ya kutumia umeme yapo, hutolewa kwa baadhi ya magonjwa ya akili na mgonjwa huwa amelazwa usingizi wa dawa, lakini hayo ni jambo jingine kabisa. Vilevile EEG haisomi mawazo, haipimi akili na haionyeshi mapepo.

Daktari huagiza kipimo hiki mara nyingi anaposhuku kifafa, lakini pia mtoto anapokuwa na vipindi vya kukodoa macho na kutoitika akiitwa, mtu anapozirai bila sababu kujulikana, anapochanganyikiwa ghafla, au anapokuwa hana fahamu katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hakichukui nafasi ya picha za CT au MRI. Picha hizo huonyesha umbo la ubongo, kama vile uvimbe, kovu au damu iliyovuja, ilhali EEG huonyesha namna ubongo unavyofanya kazi katika dakika zile unapopimwa. Mgonjwa anaweza kuwa na picha safi na mawimbi yenye hitilafu, au kinyume chake, na ndiyo maana wengi huandikiwa vyote viwili, hata kama mfuko unalia.

Kabla ya siku yenyewe

Kipimo hiki kinapatikana katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na katika hospitali kubwa za binafsi jijini. Popote utakapokwenda, piga simu kabla na uulize ni aina gani ya kipimo uliyoandikiwa, kwa maana jina ni moja lakini maandalizi hutofautiana. Kipo cha kawaida, ambacho mgonjwa hupimwa akiwa macho. Kipo cha kukesha, ambacho mgonjwa hufika akiwa hajalala vya kutosha ili asinzie wakati wa kupimwa. Na kipo cha muda mrefu, ambacho huambatana na kamera ya video na kinaweza kuchukua saa nyingi au siku kadhaa. Katika simu hiyohiyo uliza bei kamili pamoja na ada ya daktari anayesoma matokeo, kwani mara nyingine hutozwa kando. Kama unategemea bima, iwe ya kazini au ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, hakikisha kwamba idhini imetoka kabla ya siku ya miadi. Kuisubiri idhini ukiwa kaunta, huku ulikesha usiku kucha, ni adhabu ambayo huna haja ya kujipa.

Andaa barua ya rufaa, orodha ya dawa zote unazomeza pamoja na vipimo vyake, na matokeo ya zamani kama yapo. Andaa pia, ikiwezekana, video ya tukio lenyewe. Mgonjwa anayepoteza fahamu hawezi kusimulia yaliyompata, na jamaa aliyekuwa na hofu hukumbuka mambo nusunusu. Simu iliyorekodi sekunde arobaini tu humwambia daktari kama macho yalikuwa wazi, kichwa kiligeukia upande gani, ni mkono upi ulioanza kutetemeka, na baada ya muda gani mtu alirudiwa na fahamu. Kwanza mlaze mgonjwa kwa ubavu mahali salama, usimtie kitu chochote kinywani, ndipo mwingine arekodi. Video hiyo ni ya daktari, si ya kundi la familia la WhatsApp.

Nywele

Hapa ndipo Wanairobi wengi hukwama. Elektrodi hubandikwa juu ya ngozi yenyewe, si juu ya nywele, kwa hiyo mtaalamu anahitaji kuifikia ngozi katika sehemu takriban 20 zilizotawanyika kichwa kizima, tangu paji la uso hadi kisogoni na nyuma ya masikio. Nywele za kushonea, wigi na misuko ya nywele za bandia hufumuliwa au kuvuliwa. Mistari ya nywele zako mwenyewe huenda ikakubaliwa pale inapoacha njia za ngozi zilizo wazi, lakini njia hizo si lazima ziangukie mahali panapotakiwa, hivyo uliza mapema badala ya kubahatisha. Mwenye dredi hana sababu ya kuzikata, kwani mtaalamu mzoefu huzitenga na kuifikia ngozi katikati yake. Tatizo ni dredi zilizosokotwa juzi kwa nta au jeli, ambazo huacha utando usiopitisha umeme. Aliyenyoa kipara ana raha zake siku hiyo.

Usiku wa kuamkia kipimo, osha nywele kwa shampuu ya kawaida, zisuuze vizuri, zikaushe kabisa, kisha usipake kitu chochote, si mafuta, si jeli, si dawa ya kulainisha. Anayejifunika kichwa kwa sababu za dini atalazimika kufunua, lakini ana haki ya kuomba apimwe na mwanamke na mlango ufungwe. Ombi hilo ni rahisi kutimizwa likitolewa wakati wa kupanga miadi. Vaa shati au blauzi ya vifungo, ili usivute nguo kupitia kichwani baada ya kubandikwa, na ubebe leso au kofia ya kurudia nyumbani, kwa sababu utatoka na nywele zenye gundi.

Chakula, chai na dawa

Wengi hufika wakiwa hawajala, kwa mazoea ya vipimo vya damu na picha za tumbo. Kwa EEG, kula. Njaa hushusha sukari mwilini, na sukari ikishuka sana mawimbi ya ubongo hupungua kasi na kumpotosha anayeyasoma. Ila tangu usiku wa kuamkia kipimo acha kahawa, chai ya majani, soda za kola na vinywaji vya kuchangamsha mwili. Najua kwamba kumwambia Mkenya aache chai ya asubuhi ni kumtafutia kesi. Uji unatosha kwa siku moja. Pombe, miraa na muguka navyo viachwe.

Dawa zako, hasa za kifafa, zimeze kama kawaida isipokuwa daktari aliyekuandikia kipimo amekwambia vinginevyo kwa kinywa chake. Usimsikilize jirani anayesema kwamba dawa "zitaficha ugonjwa". Kuacha dawa za kifafa ghafla kunaweza kuleta mitukutiko inayofuatana bila kukoma, ambayo ni dharura ya kufa na kupona.

Ukiambiwa ukeshe

Usingizi mchache huchokoza hitilafu ambazo hazionekani mtu akiwa amepumzika, na hitilafu nyingine hujitokeza pale tu mtu anaposinzia. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huagizwa kulala saa chache tu, au kutolala kabisa, kwa kadiri ya umri wao. Fuata saa ulizopewa na hospitali, wala usitumie kahawa au miraa kujiweka macho, kwa sababu utakuwa umekesha bure. Tembea, ongea, tazama mpira, pika.

Safari ya asubuhi nayo ina mtego wake. Aliyekesha hapaswi kuendesha gari wala kupanda bodaboda, tena anahitaji mtu wa kumsindikiza, kwa kuwa kukosa usingizi kwenyewe kunaweza kumletea tukio. Na aliye na mtoto asiketi naye kwenye matatu akamwacha asinzie: dakika ishirini za usingizi katika msongamano wa Thika Road zinatosha kuharibu kazi ya usiku mzima. Mwimbie, mpe kitu cha kutafuna, msimamishe ikibidi.

Kuhusu watoto niongeze mawili. Mweleze mtoto ukweli kwa maneno yake, kwamba kichwa chake kitabandikwa vidude kama stika na hakuna sindano, kisha umbandike kipande cha karatasi kwenye paji la uso nyumbani azoee. Mzazi aliyezoea kumtisha mwanawe kwa daktari na sindano huvuna alichopanda siku hiyo. Pili, mtoto asiyetulia anaweza kupewa dawa ya kumlaza, na hapo kanuni ya kula hubadilika, kwa sababu hospitali itakupa saa maalumu za kumnyima chakula na maziwa kabla ya dawa hiyo. Zifuate barabara. Mtoto mchanga asiyepewa dawa hunyonyeshwa palepale wakati wa kupimwa, na hulala mwenyewe.

Ndani ya chumba

Tenga saa moja hadi moja na nusu kwa kipimo cha kawaida. Utaketi au kulala kwenye kitanda katika chumba tulivu, nayo simu yako itazimwa. Mtaalamu atakipima kichwa chako kwa utepe na kukitia alama kwa kalamu laini, kwa mpango unaotumika ulimwenguni kote uitwao 10-20, ambao hugawanya kichwa kwa asilimia 10 na 20 ya urefu wake, ili elektrodi zikae sehemu zilezile kwa mtoto na kwa mtu mzima, Nairobi na Jena. Kisha ataisugua kila alama kwa dawa yenye chengachenga, jambo linalokwaruza kidogo bila kuumiza, na kubandika elektrodi kwa gundi laini au kukuvika kofia iliyozishikilia tayari. Kazi hii ya kubandika ndiyo inayokula muda. Kurekodi kwenyewe huchukua dakika 20 hadi 40.

Utaambiwa utulie, ulegeze taya, usitafune wala kuzungumza, kisha ufumbe na kufumbua macho mara kadhaa. Amri hii inaonekana ya kipuuzi, lakini mtu mzima aliye macho akiyafumba, mawimbi ya mizunguko 8 hadi 13 kwa sekunde hujitokeza upande wa kisogoni, na akiyafumbua hufifia. Msomaji wa kipimo huanza kwa kutazama kama mawimbi hayo yapo, na kama yanalingana kulia na kushoto.

Baadaye huja majaribio mawili ya kuuchokoza ubongo. La kwanza ni kupumua kwa nguvu na kwa kina kwa muda wa dakika 3 hivi. Mtoto hupewa pangaboi la karatasi alipulize. Utahisi kizunguzungu, na midomo au vidole vinaweza kufa ganzi, kwa sababu hewa ya ukaa imepungua katika damu na mishipa ya ubongo imejikaza kidogo. Hali hiyo hupita muda mfupi baada ya kurudia pumzi za kawaida. Jaribio hili si la kila mtu. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, aliyepata kiharusi hivi karibuni, mwenye selimundu (sickle cell), na mjamzito waseme kabla halijaanza, hata kama hawakuulizwa. Selimundu naitaja kwa mkazo, kwa kuwa ipo katika familia nyingi za magharibi mwa nchi na za Pwani zinazoishi hapa jijini, na kupumua kwa nguvu kunaweza kumletea mwenye ugonjwa huo kiharusi.

La pili ni taa inayomulika kwa kukatizakatiza mbele ya macho, polepole kwanza kisha kwa kasi. Ni wachache miongoni mwa wenye kifafa ambao ubongo wao huitikia mwanga wa namna hiyo, ila kuwatambua kuna faida kubwa kwao. Ukihisi dalili unazozifahamu, kama harufu ya ajabu au mkono kucheza wenyewe, sema papo hapo na taa itazimwa. Je, tukio kamili linaweza kutokea? Linaweza, ingawa si mara nyingi, na likitokea litakuta watu wanaojua la kufanya, tena litakuwa limerekodiwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Baada ya hapo elektrodi hubanduliwa kwa maji ya uvuguvugu. Gundi inayobaki hutoka nyumbani kwa maji moto, shampuu na chanuo, pengine kwa kuosha mara mbili. Unaweza kurudi kazini siku hiyohiyo, isipokuwa kama ulikesha au ulipewa dawa ya usingizi. Usikimbilie kusukwa kabla ya kuonana na daktari, maana anaweza kuagiza kipimo cha pili.

Kuyapokea majibu

Mtaalamu aliyekubandika hatakupa majibu, na hupaswi kuusoma uso wake. Mchoro husomwa na daktari bingwa wa ubongo na neva, naye huandika ripoti ambayo kwa kawaida hutoka baada ya siku kadhaa.

Ripoti ikisema kwamba mawimbi ni ya kawaida, haijasema kwamba huna kifafa. Kipimo kimechungulia nusu saa ya maisha yako, na ubongo wenye kifafa unaweza kutulia kabisa katika nusu saa hiyo. Takriban nusu tu ya wenye kifafa ndio huonyesha hitilafu katika EEG ya kwanza ya kawaida. Kipimo kikirudiwa, hasa kikihusisha usingizi, idadi hiyo hupanda sana. Kipimo cha kwanza cha mdogo wangu kilitoka safi. Nyumbani tulifurahi, shangazi akatangaza kwamba yameisha, na daktari akaagiza kingine cha kukesha, ambacho kilionyesha miiba upande wa kushoto, juu ya sikio. Miiba ni jina la mawimbi mafupi yaliyochongoka ambayo huashiria kwamba mahali hapo pana mwelekeo wa kuleta kifafa.

Kwa upande mwingine, neno "si ya kawaida" nalo lisikutoe roho. Mawimbi ya polepole yanaweza kutokana na uchovu, dawa, jeraha la zamani au maambukizi, na wapo watu wachache wenye miiba ambao hawajawahi kuanguka maishani mwao. Daktari hutibu mgonjwa pamoja na historia yake, hatibu karatasi, na ndiyo maana ile video ya simu inaweza kuwa na uzito kuliko ripoti. Mwulize hitilafu iko wapi, inalingana vipi na matukio uliyoyapata, kama kuna haja ya MRI, na kama unaruhusiwa kuendesha gari, kuogelea au kufanya kazi juu ya jukwaa la mjengo. Hadi atakapojibu swali hilo la mwisho, yaache hayo matatu. Usibadilishe dawa kwa sababu ya ripoti uliyoisoma mwenyewe ukiwa kwenye foleni ya duka la dawa.

Omba nakala ya ripoti, hata kama hospitali inatunza faili lako. Daktari atakayekuona mwaka ujao, pengine katika hospitali nyingine kabisa, atataka kulinganisha mawimbi ya wakati huo na ya leo. Mdogo wangu anazo mbili, ile safi na ile yenye miiba, katika bahasha moja ya kaki, na nyuma yake ameandika kwa kalamu nyekundu tarehe ya kipimo kijacho na, chini ya tarehe hiyo, siku ya kwenda kufumua nywele.